Kabla Hamjapanda Leh

Nyumba ya Khangsar,
Kijiji cha Stakmo,
Leh, Ladakh.

Tarehe 4 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Jigmet,

Jule, salamu kutoka huku juu. Naomba barua hii ikukute na afya njema, wewe na mkwe wangu Marit na mjukuu wangu Lhazes, na kile kikohozi cha mtoto ulichonieleza mwezi wa Machi kiwe kimekwisha kabisa. Na mzee Halvor, baba mkwe wako, hajambo? Bado anateleza kwenye theluji na mbao miguuni kama kijana, na miaka yake sabini na miwili? Msalimie sana.

Sisi tupo. Mama yako mdogo Diskit anasumbuliwa na magoti, hasa asubuhi, lakini bado anang'ang'ania kwenda kukamua ng'ombe mwenyewe. Theluji mwaka huu ilikuwa ya kupaka tu, na mfereji unatuletea maji siku mbili kwa wiki. Tumepanda shayiri nusu ya shamba. Ule mti wa aprikoti wa marehemu kaka yangu, baba yako, ulichanua mapema, baridi ikarudi, maua yote yakapukutika siku moja. Sina habari nyingine nzuri ya nyumbani, kwa hiyo niiache hapo.

Ujumbe wako wa simu niliupata, pamoja na ratiba ya safari yenu ya Julai, nyote wanne na mzee Halvor. Diskit alipoisikia alikaa chini palepale mlangoni akalia kwa furaha. Uliondoka hapa una miaka kumi na mmoja, sasa una thelathini na saba. Tangu siku ile ameanza kutoa magodoro juani kana kwamba mnafika kesho.

Mimi sikulia. Niliichukua ratiba nikainakili kwenye karatasi: siku moja Delhi, siku moja Agra, ndege ya kuja Leh, siku moja ya kupumzika, kisha ziwani, kulala huko, kurudi. Nikaisoma tena na tena. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Ujumbe wa simu utausoma umesimama kwenye foleni. Karatasi utaikalia kitako.

Nianze na mambo madogo ya huko chini, maana hayo nayajua na hayaniumizi kuyasema. Delhi mwezi wa Julai ni mvua na joto pamoja, shati linakushika mgongoni kabla hujavuka barabara. Mtoto anywe maji kila saa, hata kama hataki. Chupa ya maji ikague kizibo kabla hujalipa, kisikie kikikatika mkononi mwako. Barafu msiiguse. Kula kile unachokiona kikitoka kwenye mafuta mbele ya macho yako. Tunda umenye mwenyewe.

Mkitoka uwanja wa ndege au stesheni, atakuja mtu mwenye shati safi na sauti ya huruma. Atawaambia hoteli yenu imeungua, au barabara imefungwa kwa maandamano, au dirisha la tiketi za wageni limehamishwa. Msibishane naye, maana kubishana ndiko anakokutaka. Tembeeni tu. Agra msiende Ijumaa, maana kaburi lile jeupe ambalo wageni wote huliendea hufungwa siku hiyo, na kila Ijumaa huwa wapo wageni wanaosimama getini wakitazama kufuli. Laini ya simu mtakayoinunua Delhi huku kwetu haitashika. Andika namba zangu kwenye karatasi na Marit awe nazo pia.

Lingine naona vibaya kulisema. Kwenda ziwani wageni wanahitaji kibali, na sasa pasipoti yako ni ya Norwei. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa kwenye chumba hiki ninachoandikia utajaza fomu ya mgeni, na askari kizuizini atakuuliza umekuja kutazama nini. Usimkasirikie. Anafanya kazi yake.

Lakini si askari peke yake atakayekuona mgeni, Jigmet. Mwili wako nao ni wa kigeni sasa. Najua utasema damu yetu ni ya milimani. Miaka ishirini na sita umevuta hewa ya pwani. Mapafu hayakumbuki ulizaliwa wapi. Mkishuka kwenye ndege hapa mtakuwa mmeruka kutoka bondeni hadi mita elfu tatu na mia tano kwa muda wa kunywa chai mbili, na mwili hautakuwa umepata habari bado kwamba hewa huku ni haba. Siku ya kwanza mtajiona wazima, hata wachangamfu. Hiyo ndiyo siku ya hatari, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu.

Umeniuliza mara kadhaa kwa nini niliacha kuendesha wageni. Nilikujibu ni macho. Macho yangu ni mazima, mwanangu. Naona mbuzi mlima wa ng'ambo. Nitakueleza sasa jambo ambalo hata Diskit hakulijua mpaka majira ya baridi yaliyopita.

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, nilipewa wageni wawili kutoka Ureno, mume na mke. Mume aliitwa Adelino, fundi wa tramu, yale magari ya reli ya mjini kwao, aliyestaafu, miaka sitini na sita, kifua kama pipa, mikono yake kila kidole na kovu lake. Mke aliitwa Lurdes. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa amejifunza salamu zetu kutoka kwenye kitabu, basi akimkuta hata punda anamwambia jule. Niliwapokea uwanja wa ndege, na kabla hatujafika nyumba ya wageni Adelino alikuwa ameniambia nisimamishe gari.

"Kapteni," aliniambia, na tangu hapo hakuniita jina lingine, "gari lako linakohoa kuliko mimi. Fungua boneti."

Akaingiza kichwa mle ndani, akakaza kitu, akakipuliza kingine, na gari likatulia. Mkewe akanitazama akatikisa kichwa. "Pole. Miaka arobaini nimeolewa, sijawahi kupanda gari asilolifungua."

Niliwaambia maneno ninayowaambia wote: leo lala, kesho lala, keshokutwa tembea polepole, siku ya nne ndipo tuzungumze habari za kupanda. Waliitikia. Lakini siku zao zilikuwa nane tu India nzima, na wakala wao wa safari alikuwa ameshaandika kwamba siku ya tatu ni ziwani. Siku ya pili jioni Lurdes aliniuliza kwa adabu kama kweli kuna ubaya. Nilimwambia wengine huenda siku ya tatu na wakarudi salama. Ni kweli. Wengi huenda na wakarudi salama, na ukweli huo ndio unaoua.

Asubuhi ya siku ya tatu Adelino alikuja peke yake nilipokuwa nafuta vioo vya gari.

"Kapteni, una dawa ya kichwa?"

"Kimeanza lini?"

"Tangu jana. Kidogo tu. Kama vile nilikunywa mvinyo, ila mvinyo wenyewe sikuuona."

"Basi leo hatuendi."

Alinishika mkono juu ya kiwiko, akapunguza sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Lurdes ana picha ya ziwa hili ukutani jikoni. Miaka kumi na mmoja anaosha vyombo anaitazama. Nikimwambia kichwa kinauma atanilaza kitandani na kunishika mkono mpaka ndege ya kurudi. Usinifanye niwe mume aliyemnyima ziwa lake."

"Ukizidiwa huko juu hakuna hospitali."

"Nikizidiwa nitakwambia. Naapa kwa mama yangu. Wewe usimwambie mke wangu tu. Wanaume kwa wanaume."

Jigmet, nilikuwa nimefanya kazi hii miaka ishirini na tatu. Nilijua nililolijua. Lakini alikuwa amelitengeneza gari langu, ananiita ndugu, na asubuhi ilikuwa nzuri. Nilimpa vidonge viwili. Lurdes akatoka na kofia yake ya majani akatuuliza tunacheka nini, nikasema tunacheka gari.

Tulipanda. Kileleni mwa barabara, kwenye zile bendera za sala, ni zaidi ya mita elfu tano na mia tatu, na kila mgeni hushuka kupiga picha ingawa huwa nawaambia wasikawie. Lurdes alikwenda kwenye bendera. Adelino alizunguka nyuma ya rundo la mawe. Nilimfuata nikamkuta ameinama anatapika. Alinyanyua uso, ukiwa na rangi ya majivu, akaweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze.

Hapo nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kugeuza gari. Nyuma yetu barabara ilikuwa inateremka moja kwa moja hadi mjini, hadi hospitalini. Mbele yetu ilikuwa inateremka pia, lakini kwenye shimo: ukishashuka upande ule wa ziwa, huna njia ya kurudi isipokuwa kupanda tena. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikampa maji asukutue, nikaingia garini, nikaendelea mbele.

Ziwani Lurdes alivua viatu akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Maji yale ni baridi ya kukata mfupa, wala hakuyajali. Alisimama pale analia na kucheka. Adelino alikuwa amekaa juu ya jiwe, ananitazama mimi, si ziwa. "Umeona?" aliniambia. "Umeona uso wake?" Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye akili niliyoyasikia. Chakula hakula. Alisema amechoka, akaingia hemani kulala jua likiwa bado lipo.

Kulipopambazuka nilitoka kwenda kuwasha gari nikamkuta nje ya hema. Alikuwa amevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na anahangaika na vifungo vya koti, anavisukuma pasipo na matundu. Nikamwamkia. Akaniambia tramu ya saa moja imechelewa na abiria watamlaumu yeye.

"Adelino," nikamwambia, "tembea kuja kwangu. Kisigino mbele ya kidole. Hatua tano tu."

Alipiga mbili akaanguka ubavu.

Nilipiga kelele, Lurdes akatoka. Tulimwingiza garini kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwa mkewe, nikamfunga usoni barakoa ya mtungi wa oksijeni. Tulishuka hadi zahanati ya bondeni. Mganga wa pale alimchoma sindano, akatupatia mtungi mwingine, akasema hakuna la kungoja, mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi. Alijua kama mimi ninavyojua. Ugonjwa huu dawa yake ni kushuka, na pale tulipokuwa huwezi kushuka mpaka kwanza umepanda, tena hadi kulekule juu kunakoua.

Saa nzima na nusu nilipanda naye. Nikawa namsikia nyuma yangu anavuta pumzi kama mtu anayeburuta kitu kizito juu ya changarawe. Lurdes alikuwa anamwimbia wimbo wa kwao, kwa sauti ya chini, mstari mmoja tu anaurudiarudia. Tukafika kwenye bendera. Tukapita. Tukaanza kuteremka, na kwenye kona ya tatu, pale unapoanza kuona mashamba ya shayiri ya kijani kule chini kabisa, sauti ile ya changarawe ikakoma. Wimbo ukaendelea kidogo, kisha nao ukakoma.

"Simamisha," aliniambia.

Nilisimamisha. Wafanyakazi wa barabara waliokuwa wakipasua mawe walitutazama, wakaelewa, wakaweka nyundo chini. Mmoja wao alivua kofia. Kule chini mashamba yalikuwa yanang'aa.

Hospitalini daktari alikuwa na fomu ya kujaza. Aliuliza kama marehemu alionyesha dalili yoyote kabla ya kupanda, maumivu ya kichwa, kutapika. Lurdes hakumjibu. Alinigeukia mimi, macho yamevimba, anangoja. Na mimi nikasema, mbele yake, "Hapana. Alikuwa mzima."

Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaubusu. Akaniambia, "Asante kwa kuwa naye."

Ndiyo macho yangu yaliyoharibika, Jigmet. Wiki ile ile nilirudisha zamu yangu kwenye chama cha madereva. Gari lipo uani, kuku wanataga chini ya usukani.

Lurdes hakuacha kuniandikia. Kila baada ya miezi miwili ikawa inakuja barua, ananishukuru, ananiuliza habari za magoti ya Diskit, safari moja alituma soksi. Diskit alikuwa akisema, mama yule ana moyo gani! Mimi nilikuwa naziweka barua zile chini ya sanduku la nguo ili nisizione.

Nilidhani kama sikumwokoa mmoja, labda nitaokoa wengine kwa mdomo. Majira mawili ya joto nimekuwa nikienda barabara ya uwanja wa ndege kila asubuhi, nasimama pale magari ya wageni yanapopunguza mwendo, nawaambia waliofungua vioo: lala siku mbili, kichwa kikiuma mwambie mwenzako, usipande. Madereva wenzangu, ambao wengine niliwafundisha gia, wananipigia honi.

"Mzee Motup! Leo umewalaza wangapi?"

"Mwacheni mhubiri wa usingizi! Atafungua na dhehebu lake!"

"Baba, unatuulia kazi. Ukitaka walale, wauzie mito!"

Nacheka nao, nifanyeje. Si wabaya. Wana watoto shule, na miezi ya kufanya kazi ni mitano tu. Wageni nao wananiitikia kwa kichwa, wanasema jule, jule. Mwaka jana kijana mmoja na mchumba wake walishuka garini kabisa wakanisikiliza kwa makini, nikafurahi. Kumbe walikuwa wananipiga video. Mchana ule ule niliwaona kwenye gari la dereva mmoja wanaelekea kileleni, wananipungia mkono. Walirudi salama. Nilifurahi wamerudi, na nilijua pia kwamba sasa wataenda kuwaambia wenzao wote kwamba yule mzee wa barabarani ni mwoga tu.

Ndipo nilipokata tamaa na maneno. Ushauri mtu anaupokea kama picha ya ukumbusho. Anaondoka nao, lakini haubadilishi anakokwenda.

Mwezi wa Januari, baridi ikiwa imetufungia ndani, Diskit alizitoa barua za Lurdes chini ya sanduku akaniuliza kwa nini sizijibu ipasavyo. Nikamweleza yote. Alimaliza kusokota uzi wake, kisha akasema, "Mwandikie. Usiniingize mimi kwenye uongo wako kwa kumtumia salamu zangu." Mwalimu Dorjay wa hapa kijijini alinisaidia lugha. Nilimwandikia Lurdes kila kitu: vidonge viwili, kidole mdomoni, na lile neno hapana mbele ya daktari. Nilimwambia sikuombi msamaha, nakuomba ujue.

Jibu lilikuja mwezi wa Machi. Nimelisoma hata naweza kulisema bila kulitazama, nalo lilikuwa fupi. Aliandika hivi:

"Motup, nilijua. Asubuhi ile nilihesabu vidonge vyetu vya kichwa nikakuta vimepungua kabla hajaja kwako. Kileleni nilimwona nyuma ya mawe. Niligeukia upande wa pili nikaendelea kupiga picha. Nilikuwa nalitaka ziwa. Siku ile hospitalini nilikutazama nikiogopa utasema kwamba nilijua. Barua zote nilizokushukuru nilikuwa nakuomba usije ukaniuliza. Usiniandikie tena, tafadhali. Si kwa hasira. Sina tu nguvu."

Watu hufikiri ukishatoa jambo kifuani unapata nafuu. Mimi sikupata, Jigmet. Zamani nilikuwa na kosa moja langu, nalijua mwanzo wake na mwisho wake. Sasa nikifumba macho naliona gari zima likipanda katika jua lile zuri: mgonjwa anajua, mke anajua, dereva anajua, na kila mmoja anamchekea mwenzake ili asimharibie siku. Neno moja tu la yeyote kati yetu lingetosha. Na yule mama aliyekuwa akiimba, nimemchukulia hata barua zake. Wakati mwingine najiuliza kama nilimwandikia kwa ajili yake au kwa ajili ya kujipunguzia mimi.

Kwa hiyo sasa nije kwenye safari yenu, na nitasema wazi kama baba yako angesema. Ratiba yako ifute. Ongezeni siku sita, au punguzeni mahali. Kama mnazo siku, msije kwa ndege. Pandeni kwa gari kutokea upande wa Srinagar, mlale Kargil, mlale tena njiani, mwili upate habari taratibu. Kama lazima ndege, basi siku nne hapa nyumbani, mbili za kwanza ndani kabisa, supu na usingizi, na ziwa mliache. Halvor asifike ziwani kwa hali yoyote. Na kama haya yote hayawezekani, msije. Kaeni Delhi, mimi na Diskit tutashuka kwa basi siku mbili tuje kuwaona hotelini. Joto lile huwa linanilaza kitandani, lakini nitalala kitandani huku namwona mtoto wako.

Sasa lile neno la mwisho la ujumbe wako, ambalo sijamwonyesha Diskit. Uliniandikia kwamba mzee Halvor aliwekewa kifaa moyoni mwaka jana, na daktari wake hajaambiwa kama anakuja huku juu, kwa sababu akiambiwa atamkataza. Ukasema Marit naye hana habari za urefu wa milima yetu na akizijua atavunja safari. Ukaniomba, "Baba mdogo, usimtishe mke wangu. Iwe siri yetu sisi wanaume."

Nililisoma neno hilo nimesimama zizini, nikarudi ndani kutafuta karatasi.

Mwanangu, barua hii ina nakala. Mwalimu Dorjay ameitafsiri yote, haikukatwa hata mstari, pamoja na haya ya moyo wa mzee. Nakala moja imekwenda kwa Marit na moja kwa mzee Halvor, kila mmoja kwa jina lake, na zimetangulia siku tatu kabla ya hii yako ili usizipokee wewe mlangoni. Utanikasirikia. Utasema mzee huyu amenivunjia heshima ndani ya nyumba yangu, na utakuwa umesema kweli. Huenda usije tena, si mwaka huu wala mwingine, na Diskit atarudisha magodoro ndani bila kuniambia neno. Nimeyapima hayo yote kabla ya kubandika stempu. Bora nikukose.

Nisalimie Marit, mwambie mkwe wake anamwomba radhi kwa kumjia na habari nzito kabla hajamwona uso. Msalimie mzee Halvor kwa heshima zote. Mbusu Lhazes kwenye paji la uso, mwambie bibi yake Diskit amemfumia kofia nyekundu na ataituma kwa posta. Shangazi yako Yangdol wa Nubra anakusalimu pia, na watawa wa juu wamewasha taa ya siagi kwa majina yenu manne.

Mbingu zikufunike, miguu yako ipate njia iliyo sawa, na nyumba yako iwe na watu wanaoambiana.

Baba yako mdogo akupendaye, hata ukimchukia,

Tsewang Motup